Pumzi Kabla ya Wimbo

Nilimfuta marehemu kwa kipanya cha kompyuta, nikiwa nimekaa, kandambili miguuni, kikombe cha chai ya rangi pembeni. Sikumfuta kwa chuki. Nilimfuta kwa usafi. Ilinichukua majuma matatu, na nilipomaliza nilijisifu kwa sauti, tabia ambayo mtu anayeishi peke yake huizoea upesi kuliko inavyofaa.

Mwaka 2013 nilikuwa naishi Kasulu mjini, katika nyumba aliyotuachia baba, na kazi yangu ilikuwa kukaa. Wenzangu walikuwa na mashamba, wengine maduka. Mimi nilikuwa na kiti. Shemeji yangu aliyehamia Mwanza alinirithisha kompyuta yake ya zamani, nikaiweka barazani pamoja na betri ya gari, nikatupia kipande cha sola juu ya bati, nikawa naingizia watu nyimbo kwenye kadi za simu na kuwachomea CD za harusi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yake nayafahamu mimi na Mungu. Dada zangu walikuwa wakisema nitazikwa nimekaa, maana hakuna atakayeweza kuninyoosha. Kutoka kwangu hadi sokoni ni mwendo wa dakika kumi. Nadhani mwaka ule nilifika mara nne.

Ng'ambo ya ua wangu alikaa mama mmoja muuza mawese. Aliniita Bwana Kiti, mbele ya wateja, bila kupunguza sauti. Alikuwa ameimba kwaya ya kanisa miaka mingi, sauti ya pili, mpaka magoti yalipomkatalia kusimama. Mwalimu wake wa kwaya ndiye huyo marehemu niliyemfuta.

Mwalimu huyo alikuja na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Akakulia huku, akasoma huku, akapata uraia huku, akafundisha shule za msingi za Kibondo na Kasulu mpaka kifua kilipomzidi. Lakini hakuna aliyemkumbuka kwa hesabu za mafungu. Walimkumbuka kwa spoku. Aliongoza kwaya kwa spoku ya baiskeli aliyoinyoosha ikanyooka kama neno la kweli, mwisho wake ameuviringishia mpira wa tyubu ili usimchome. Kabla ya wimbo aligonga ukingo wa benchi mara tatu: ti, ti, ti. Kisha alivuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Pumzi hiyo ndiyo iliyowaambia waimbaji kila kitu. Ikiwa fupi, wimbo utakimbia. Ikiwa ndefu, jiandae kushikilia sauti mpaka uone nyota. Kisha alisema, chini kabisa, "Haya, wanangu." Nao wakaingia.

Wimbo ukiisha aliwaacha wasimame kwanza. Akiridhika alisema "Eee." Asiporidhika alisema "Mh-mh," na jirani yangu anaapa ile "Mh-mh" ilikuwa inauma kuliko kofi.

Yeye mwenyewe hakuimba hata siku moja. Alisema Mungu alimpa masikio, akasahau koo. Mimi nilijaribu kujiunga na kwaya yake nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilipata "Mh-mh" kabla sijamaliza mstari wa kwanza, nikarudi nyumbani, na naweza kusema ndipo nilipoanza kukaa. Sisemi kwamba miaka ishirini baadaye nilikuwa nalipiza kisasi. Natoa maelezo tu.

Alifariki mwaka 2012, wakati wa mvua. Mwaka uliofuata kwaya ikapanga ibada ya kujengea kaburi, na mwenyekiti wa kwaya akaja barazani kwangu. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, mtu wa tai hata Jumamosi. Alibeba boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kanda za kaseti kumi na nne.

"Hizi ndizo zote," akasema. "Miaka yake yote. Tunataka CD moja, nzuri, ipigwe siku ya ibada. Iwe safi. Isisikike kishamba."

"Nisafishe kiasi gani, mzee?"

"Mpaka uone aibu imeisha."

"Na kanda zenyewe nikurudishie?"

"Nizipeleke wapi? Nani ana redio ya kanda siku hizi? Fanya unavyoona."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeitumia kama mwavuli mara nyingi tangu siku ile. Inavuja.

Nilikuwa bado na redio ya kanda ya marehemu baba. Nikaiunga na kompyuta kwa waya, nikachukua daftari, nikachora mistari kama mwalimu wa zamu: namba ya kanda, mahali ilipochukuliwa, ubora wa sauti, alama chini ya kumi. Mtu aliyepewa "Mh-mh" sasa anatoa alama. Nilijisikia mkubwa.

Kanda ya kwanza ilichukuliwa Kabanga, na katika ubeti wa pili mvua ikaanza kupiga bati. Kwaya nyingine ingepandisha sauti ishindane na mvua. Yeye aliwashusha. Wakaimba chini, na chini zaidi, mpaka ukawa unasikia mvua na watu ndani yake, kama makaa ndani ya majivu. Nikaandika: mvua nyingi, sauti hafifu, tatu.

Ya tano ilichukuliwa Kibondo, katika kanisa ambalo lilikuwa halijatiwa dari, kila neno linarudi na mdogo wake. Unasikia kabisa kwamba alilijua jengo lile. Aliacha nafasi kati ya mstari na mstari, mwangwi umalize kusema, ndipo waimbaji waendelee. Nikaandika: wanachelewa, nne.

Ya nane ilirekodiwa na kinasa sauti chenye betri zilizochoka, kwa hiyo ukiipiga leo wimbo unakwenda mbio na akina mama wa sauti ya kwanza wanasikika kama vifaranga walioona mwewe. Mbili.

Ya kumi na moja ilirekodiwa studio, Kigoma mjini, pamoja na kinanda. Hapo hapakuwa na jogoo wala mvua. Kinanda kilihesabu, waimbaji wakakifuata, na mwalimu, nadhani, alisimama pembeni na spoku yake kama dereva aliyepakiwa nyuma ya gari lake mwenyewe. Ukiisikiliza hujui kama aliyeongoza alikuwa hai. Nikaandika: safi sana, tisa.

Leo lile daftari ningeligeuza juu chini, tisa iende Kabanga kwenye mvua. Kinachoniuma ni kwamba sikio langu halikuwa bovu. Yote haya niliyasikia siku ileile, hata mikono ikasisimka kwenye ule wa mvua. Nilisikia vizuri nikaandika vibaya, kwa sababu niliambiwa safi.

Basi nikasafisha. Programu ya kukatia sauti inakuonyesha wimbo kama milima, na wewe unachagua mlima wa kuondoa. Nikakata jogoo. Nikakata kikohozi cha mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye alikohoa katika kanda tisa, kila mara palipotakiwa kimya. Halafu nikaona kila wimbo una takataka ndogo mbele yake: vijiti vitatu vyembamba, kifurushi cha upepo, kisha neno. Na mwishoni, baada ya kimya, kitu kimoja kifupi. Ti, ti, ti. Pumzi. "Haya, wanangu." Wimbo. "Eee."

Nyimbo arobaini na moja. Nikakata mbele, nikakata nyuma, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua maharage. Kompyuta ilikuwa imejaa harusi za watu, haina nafasi ya nakala mbili, kwa hiyo kila nilipokata nilihifadhi juu ya ileile.

Wiki ileile jirani akachungulia juu ya ua.

"Bwana Kiti, hizo kanda mbovu unazitupa?"

Alikuwa na mpunga bondeni, umeanza kuchanua, na ndege walikuwa wameshapeana taarifa. Huku kwetu kila mkulima anajua: ukiuchomoa utepe wa kanda ukaukaza kutoka kijiti hadi kijiti, jua linaumeremetesha na upepo unaufanya ulie, na ndege hawatui.

"Chukua, mama. Chukua zote."

"Za nani?"

"Za zamani tu."

Makaratasi ya juu yalikuwa yamebanduka mikononi mwangu nilipokuwa nikijaza daftari, na mimi sikuona sababu ya kuongeza maneno. Akaondoka na lile boksi kichwani, akinishukuru. Aliniletea mawese chupa nzima. Nikayala na maharage, nikasema dunia ina watu wema.

Siku ya ibada walifunga turubai uani mwa kanisa, wakaweka spika mbili kubwa. Nilitoka nyumbani kwa sababu kazi ilikuwa yangu na nilitaka kusifiwa. Nikasifiwa. CD ilipoanza, wimbo uliruka moja kwa moja masikioni, bila jogoo, bila kikohozi. Mwenyekiti aligusa tai yake, akaniinamia: "Umeona? Kama ya Dar."

Mstari wa mbele alikaa mjane, ambaye wote tulimwita mama mwalimu. Baada ya msiba alikuwa amehamia kwa binti yake Murungu, upande wa Kibondo, na alikuja kwa ajili ya siku hiyo. Nilimtazama ili nione atakavyofurahi. Wimbo wa kwanza ulipoanza aliinua uso. Ulipoisha akabaki ameuinua, kama mtu anayesubiri salamu iitikiwe. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulipoanza aliinamisha kichwa, akaanza kukunja pindo la kitenge chake.

Chakula kilipogawiwa aliniita.

"Mwana wanje, mwanangu, yeye yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwenyewe."

Nikacheka kidogo, kicheko cha fundi. "Mama, si unajua mwalimu hakuimba? Aliongoza tu."

"Ninajua hakuimba. Nimelala naye miaka karibu thelathini, hata akioga hakuimba. Lakini si alikuwa anawaambia waanze?"

Sahani ilikuwa mkononi mwangu, na nakumbuka wali ulipoa palepale.

"Picha ninazo mbili," akaendelea, hana ugomvi, ananieleza tu. "Kwenye picha hasemi. Redio yetu ilikufa kabla yake. Nikasema, ngoja kwaya wafungue zile kanda. Nimengoja mwaka. Nataka nisikie anavyosema, 'Haya, wanangu.' Basi."

Hapo ndipo mtu mzima angesema kweli. Mimi nilisema: "Iko kwenye CD ya pili, mama. Bado naisafisha."

Uso wake ulifunguka wote. "Ego, ndiyo, mwana wanje. Lakini usiisafishe sana."

Jioni ile niligeuza kompyuta chini juu kutafuta hata "Haya" moja iliyosahaulika. Mimi ambaye nguo husahau kufua, nyimbo arobaini na moja sikusahau hata moja.

Mama mwalimu akarudi Murungu, na salamu zikaanza. Sikuwahi kujua kwamba watu wengi hivyo husafiri kati ya Kibondo na Kasulu mpaka wote walipoanza kusimama barazani kwangu. Muuguzi aliyekuwa anakwenda Kabanga. Mfanyabiashara wa nyanya. Mhubiri mwenye pikipiki. "Mama mwalimu anakusalimu sana. Anauliza ile ya pili." Nami nawajibu, "Mwambie iko jikoni." Ikakaa jikoni miezi saba.

Nikifika hapa natamani niruke, lakini nimeshaanza kukiri. Nilienda kwa fundi baiskeli nikaomba spoku. Nikarudi, nikafunga mlango, nikagonga ukingo wa meza mara tatu, nikavuta pumzi, nikasema kwenye kompyuta, "Haya, wanangu." Nilitaka kumpelekea mjane sauti ya mumewe iliyotengenezwa na mimi. Nilipojisikiliza nilisikia mwizi wa mbuzi anayewatuliza mbuzi. Nikaifuta, na hiyo ndiyo pekee niliyoifuta kwa haki.

Mwanzoni mwa 2014 nikamwambia jirani. Nilimfuata mpaka kwake, jambo lililomshtua kabla sijafungua mdomo.

"Mama, zile kanda."

"Zilifanya kazi. Ndege walihama."

"Zilikuwa za mwalimu wa kwaya."

Alikuwa anamimina mawese kwenye chupa. Aliendelea kumimina, chupa ikajaa, mawese yakamwagika chini, hakuyaangalia.

"Mwalimu yupi?"

"Wako."

"Nimemfunga mwalimu kwenye vijiti?"

"Wewe hukujua. Niliyejua ni mimi."

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Kumi na nne zote."

Alichukua kanga, akatangulia, nami nikamfuata hadi bondeni, nikihema kwa mwendo ambao watoto wa shule huuenda mara mbili kwa siku. Baada ya mavuno alikuwa amezikusanya zile tepe zimsaidie na msimu ujao, akazifunga furushi na kulichomeka kwenye paa la kibanda cha shamba. Nyingine zilikuwa zimepauka na jua hadi rangi ya majani makavu, nyingine zimekatika vipande vya urefu wa mkono. Tukalishusha furushi. Njiani alilibeba yeye, mimi alinikataza.

Kwa siku kumi nilikaa barazani nikiunga vipande kwa selotepu nyembamba, nikivizungusha kwa penseli ndani ya ganda la kanda tupu. Jirani alikaa ng'ambo ya ua, anasikiliza. Vipande vingi vilitoa mchakacho tu. Vingine vilitoa katikati ya wimbo, watu wanaingia na kutoka kama waliofunguliwa mlango wakafungiwa. Mara moja alisimama ghafla: "Huyo ni mimi!" Kisha akakaa.

Siku ya tisa, kipande kimoja: ti, ti, ti, na kila ti na mdogo wake, kwa hiyo nilijua ni Kibondo, lile kanisa lisilo na dari. Kisha pumzi. Ndefu. Nayo ikarudi kwa mwangwi, kama mtu wa pili amevuta nyuma yake. Kisha utepe ukaisha.

Neno halikuwepo. Nilitafuta siku nyingine nzima. Halikuwepo popote.

Sikumpa mtu anipelekee. Nilikwenda Murungu mwenyewe, na pumzi ile nimeiweka kwenye kadi ya simu ndogo niliyokuwa naitumia. Mama mwalimu alikuwa ameanika muhogo uani. Aliponiona aliacha kazi, akafuta mikono, akanitandikia mkeka kama mtu anayeleta mahari.

"Umekuja nayo."

"Nimekuja na kidogo, mama."

Nikabonyeza. Ti, ti, ti. Pumzi. Kimya.

Akanipa ishara: tena. Nikabonyeza mara saba. Mara ya nane aliichukua simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, akaiweka sikioni.

"Kanisa letu la zamani," akasema. Kisha: "Alivuta hivi siku aliyokuja kwetu kunichumbia. Nilijua atasema nini kabla hajasema." Akasikiliza tena. "Na neno?"

Nikamwambia. Kipanya, kompyuta iliyojaa, boksi la sabuni, mpunga. Nikamwambia hata ile CD ya pili, kwamba haikuwahi kuwapo. Sikumwambia habari ya spoku ya fundi; ujasiri uliniishia hapo, na ninaiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Aliugeukia muhogo wake.

"Ndege waliula ule mpunga?"

"Hawakuula sana, mama."

Akainua macho, akanitazama kama ningali na miaka kumi na mitano.

"Mh-mh."

Huku kwetu mgeni husindikizwa. Hata mkorofi, hata mdai, mwenyeji atanyanyuka na kumfikisha njiani, waagane mara mbili tatu. Mama mwalimu aliniaga akiwa amekaa, simu sikioni. Simu yenyewe sikuiomba. Nilipofika kwenye kona ya migomba niligeuka, nikidhani huenda amesimama. Alikuwa anabonyeza.

Nilirudi Kasulu nikakaa kwenye kiti changu, ambacho kwa mara ya kwanza kiliniuma. Jirani alitokea na ndoo ya maji kichwani, akiwa na haraka ya kusikia. Nikamweleza yote. Kisha, kwa kuwa sikujifunza, nikaongeza kwamba angalau pumzi imepatikana, na kwamba hata hivyo mimi niliambiwa nisafishe, nikasafisha.

Alinitazama bila kuitua ndoo.

"Tulikuwa watu arobaini tumesimama pale, wote tunaingoja hiyo pumzi yake, na ni wewe peke yako uliyeiona ni uchafu. Haya, sogeza miguu, nipite."